Sura ya Tano: Kifurushi Kilichorushwa Usiku

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba 1561, mtu mmoja alisogelea ngome ya Tournai, mji ambao leo uko Ubelgiji na wakati ule ulikuwa chini ya mfalme wa Hispania. Alirusha kifurushi kikapita juu ya ukuta, kisha akatokomea gizani. Kulipokucha walinzi wakakiokota na kukipeleka kwa wakubwa. Ndani mlikuwa na kijitabu chenye ibara 37 na barua iliyoelekezwa kwa Mfalme Felipe wa Pili mwenyewe.

Mwandishi wa kijitabu hakuweka jina lake, na alikuwa na sababu. Aliitwa Guido de Brès, mchungaji wa siri aliyekuwa akiishi mjini humo kwa jina la bandia na kuwakusanya watu wachache wachache usiku, nyumbani kwa huyu na kwa yule. Wiki chache kabla, baadhi ya wafuasi wa imani hiyo walikuwa wametoka hadharani wakiimba zaburi barabarani, na serikali ikatuma wachunguzi. Ndipo kifurushi kikarushwa. Barua yake ilimweleza mfalme kwamba watu hawa si waasi: kodi wanalipa, mfalme wanamwombea, na hakuna aliyewakuta wakipanga njama. Ila kama shida ni imani, imani yenyewe ndiyo hii hapa, isomeni. Wako tayari kuchapwa na kuchomwa moto kuliko kuikana.

Nimeanza na kifurushi hiki kwa sababu maungamo ya imani tunayakuta yakiwa yamekwisha kupoa. Aliyepitia darasa la kipaimara anayajua kama kitabu cha kukaririwa, na mwanafunzi wa theolojia kama swali la mtihani. Kumbe mengi yaliandikwa na watu waliokuwa wakisikiliza kama kuna hodi mlangoni.

Neno lenye sura mbili

Mtu akisikia neno "ungamo", mara nyingi huwaza dhambi: muumini amepiga magoti, anataja makosa yake, anaomba kusamehewa. Lakini neno hilohilo ndilo tunalolitumia tunaposema Ungamo la Augsburg, ambalo halina orodha ya dhambi za walioliandika. Jamaa yake wa karibu ni "kukiri". Mahakamani mshtakiwa huulizwa kama anakiri au anakana, na kukana ndiko kulikomliza Petro jogoo alipowika.

Kwa hiyo ungamo la imani lina harufu ya mahakama. Yuko anayeuliza, yuko anayejibu, na kuna gharama ya jibu. Ukitaka kulielewa ungamo lolote la Kiprotestanti, usianzie kwenye ibara ya kwanza. Anza na maswali matatu: nani aliuliza? Nani alijibu? Jibu lingemgharimu nini? Mimi nimejifunza kuongeza la nne, ambalo walioandika hawakupenda kulijibu: nani hakuwemo chumbani?

Saa tisa alasiri, Augsburg

Mwaka 1530 aliyeuliza alikuwa Kaisari Karl wa Tano. Majira ya vuli ya mwaka uliotangulia jeshi la Waturuki lilikuwa limeuzingira mji wa Vienna. Kaisari alihitaji askari na fedha kutoka kwa wakuu wa majimbo ya Kijerumani, na wakuu hao walikuwa wamegawanyika kuhusu Luther. Akawaita Augsburg, kila upande uje ueleze msimamo wake.

Luther mwenyewe hakuweza kwenda. Tangu mkutano wa Worms wa mwaka 1521 alikuwa mtu aliyepigwa marufuku katika himaya nzima. Alibaki katika ngome ya Coburg, akisubiri barua na kunung'unika zilipochelewa. Kazi ya kuandika ilimwangukia rafiki yake Philipp Melanchthon, profesa wa Kigiriki mwenye umri wa miaka 33, mtu mpole, mwenye wasiwasi, asiyechoka kufuta na kuandika upya. Luther alipoisoma rasimu aliipenda, ila akasema yeye asingeweza kutembea kwa kunyata namna ile.

Tarehe 25 Juni 1530, saa tisa alasiri, wakakusanyika katika ukumbi wa jumba la askofu. Kaisari, ambaye Kijerumani kilimpa taabu, alitaka hati isomwe kwa Kilatini. Johann, mtawala wa Saxony, akakataa: wako kwenye ardhi ya Wajerumani, basi isomwe kwa Kijerumani. Kansela wake, Christian Beyer, akasimama akasoma kwa takriban saa mbili, kwa sauti iliyofika hadi uani, walikojaa watu waliokosa nafasi ndani.

Walichosikia kilikuwa na ibara 28. Ishirini na moja za mwanzo zilikuwa za kutuliza: tunamwamini Mungu yuleyule wa mababa wa Kanisa, hatujaanzisha dini mpya, na mtu huhesabiwa haki mbele za Mungu kwa imani. Saba za mwisho zilitaja mambo yaliyohitaji kurekebishwa, kama washarika kunyimwa kikombe na mapadri kukatazwa kuoa. Waliotia sahihi hawakuwa wachungaji. Walikuwa wakuu wa majimbo na wawakilishi wa miji miwili, Nürnberg na Reutlingen. Walei ndio waliosimama mbele ya Kaisari wakakiri, na walikuwa na majimbo ya kupoteza.

Kaisari hakuridhika. Wanatheolojia wa Kikatoliki wakaandaa majibu, yakasomwa tarehe 3 Agosti, na mkutano ukavunjika bila mapatano. Nakala mbili asilia zilizokabidhiwa siku ile, ya Kijerumani na ya Kilatini, zimepotea. Lakini maneno yake yalikuwa yamekwisha kutoka nje ya ukumbi, na neno likishatoka halirudi.

Jibu linapogeuka kuwa swali

Miaka 25 baadaye, mwaka 1555, mapatano ya amani yalifanyika katika mji uleule wa Augsburg. Kila mtawala akapewa haki ya kuchagua dini ya nchi yake, ila machaguo yalikuwa mawili tu: Ukatoliki au Ungamo la Augsburg. Hati iliyoanza kama utetezi wa washtakiwa sasa ikawa pasipoti. Ukiwa nayo unapita, usipokuwa nayo unabaki nje.

Aliyelionja hilo ni Friedrich wa Tatu, mtawala wa Palatinate. Alivutiwa na mafundisho yaliyotoka Uswisi, yaani ya Kireformed, akasimamia uandishi wa Katekisimo ya Heidelberg ya mwaka 1563, ambayo sehemu kubwa ni kazi ya Zacharias Ursinus, kijana wa miaka 28. Ina maswali 129, yaliyogawanywa kutosha Jumapili 52 za mwaka, na huanza kwa kumuuliza muumini faraja yake iko wapi. Mwaka 1566 Friedrich aliitwa Augsburg ajieleze: bado yumo ndani ya Ungamo, au ametoka? Alijitetea kwa ushupavu na hakuhukumiwa. Angalia lakini jinsi viti vilivyobadilishana. Mwaka 1530 hati ilikuwa jibu mbele ya mwenye nguvu. Mwaka 1566 mwenye nguvu ndiye aliyeishika mkononi, akamuuliza mwingine.

Tarehe 25 Juni 1580, miaka 50 kamili tangu Beyer asome, Walutheri walichapisha Kitabu cha Mwafaka, kilichokusanya maungamo yao yote pamoja. Zaidi ya wachungaji na walimu 8,000 walitia sahihi. Wengi walifanya hivyo kwa moyo. Lakini sahihi ambayo kuikataa kunakunyima kazi si sawa na sahihi ambayo kuiweka kunaweza kukupeleka gerezani.

Waskoti walijaribu kujikinga mapema na ugonjwa huo wa jibu kugeuka kuwa swali. Mwaka 1560 bunge lao liliagiza ungamo, na watu sita, wote wakiitwa John, wakaliandika kwa siku nne. Katika dibaji yake waliomba kwamba yeyote atakayeona humo jambo linalopingana na Maandiko awaandikie, nao watamjibu kutoka Maandiko au watajirekebisha. Ni maneno adimu katika hati za namna hii. Miongo minane baadaye, Ungamo la Westminster la mwaka 1646, lenye sura 33, liliandikwa jijini London na mkutano ulioitishwa na bunge lililokuwa vitani na mfalme. Uskoti ililipokea, na wamisionari wake waliofika Kibwezi mwaka 1891, kisha wakahamia Kikuyu mwaka 1898, wakaja na mapokeo hayo. Hapo ndipo ulipo mzizi wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki.

Waliokuwa nje ya chumba

Sasa turudi kwenye swali la nne. Miaka mitatu kabla ya Augsburg, Februari 1527, kikundi cha watu wanyonge kilikutana kijijini Schleitheim, mpakani mwa Uswisi na Ujerumani. Waliamini kwamba ubatizo ni wa mtu anayejua anachokiri, na kwamba Mkristo hashiki upanga wala haapi. Majirani waliwaita Waanabatisti, yaani wabatizao tena. Wakapitisha ibara saba, zilizoandikwa na Michael Sattler, mtawa wa zamani. Muda mfupi baadaye Sattler alikamatwa, na mwezi Mei mwaka huohuo akakatwa ulimi, akachomwa moto. Siku chache baadaye mkewe, Margaretha, alitoswa mtoni.

Waliomuua Sattler walikuwa Wakatoliki, na Mprotestanti angeweza kunawa mikono hapo. Historia haimruhusu. Mwezi Aprili 1529, katika mkutano wa himaya mjini Speyer, wakuu wa upande wa Luther walitoa pingamizi mashuhuri la dhamiri ambalo ndilo lililozaa jina la Waprotestanti. Mkutano huohuo ulipitisha adhabu ya kifo kwa kila anayebatiza au kubatizwa mara ya pili, na juu ya hilo pande zote mbili zilikubaliana. Mwaka uliofuata Melanchthon, yule mpole anayenyata, aliwataja Waanabatisti katika Ungamo lake kwa kuwalaani, tena katika ibara tano. Mwaka 1531 alishauri kwa maandishi kwamba wanaweza kuuawa, na Luther akaafiki.

Hata de Brès hakupona ugonjwa huo. Kijitabu alichokirusha usiku kinawakana Waanabatisti kwa ukali, na ibara ya 36 inampa mtawala wajibu wa kuondoa ibada za uongo. Fikiria: mtu anawindwa na mtawala anayeamini kwamba anaondoa ibada ya uongo, naye anaandika kwamba hiyo ndiyo kazi halali ya mtawala. Kwake kosa lilikuwa kukosea mtu wa kumchapa, mjeledi wenyewe hakuuhoji. Tarehe 31 Mei 1567 alinyongwa huko Valenciennes.

Kijitabu chake kiliishi. Sinodi ya Dort ya mwaka 1618 na 1619 ilikithibitisha kuwa msimamo wa Kanisa la Kireformed la Uholanzi, na wachungaji wakatakiwa kukitia sahihi. Mwaka 1652 Waholanzi walipotia nanga Rasi ya Tumaini Jema, ungamo la mtoro wa Tournai likaingia Afrika likiwa ungamo la watawala.

Mwaka 1857 sinodi ya kanisa hilo huko Rasi ilikubali kwamba, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, waumini wasio wazungu wanaweza kuabudu peke yao. Udhaifu uliotajwa ni wa wazungu waliochukia kushiriki meza moja na watumishi wao. Kilichotolewa kama ruhusa kikawa desturi, na mwaka 1881 watu wa rangi mchanganyiko wakaundiwa kanisa lao la pembeni. Ibara 37 zilisomwa pande zote mbili za ukuta, wala hazikuuzuia ukuta kujengwa.

Kahawa na sigara

Karne ya 20 ilipofika, wengi walidhani zama za kuandika maungamo zimepita. Hitler akawaamsha. Mwaka 1933 wafuasi wake ndani ya makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani walianza kudai kanisa la taifa na la damu, lenye askofu mmoja mkuu, lisilo na wachungaji wenye asili ya Kiyahudi. Waliokataa walikutana Barmen tarehe 29 hadi 31 Mei 1934, wajumbe 139: Walutheri, Wareformed na makanisa ya muungano. Tangu karne ya 16 watu hao walikuwa hawajawahi kukiri jambo kwa kinywa kimoja.

Rasimu ilitayarishwa hotelini Frankfurt wiki mbili kabla. Karl Barth, Mswisi aliyekuwa akifundisha Bonn, alipenda kusimulia kwamba baada ya chakula cha mchana Walutheri walilala, na Kanisa la Kireformed likabaki macho likiandika, kwa nguvu ya kahawa kali na sigara moja au mbili za Brazili. Matokeo ni tamko la hoja sita. Kiini chake ni kwamba kanisa lina Bwana mmoja, na halina ruhusa ya kumtafuta mwingine katika taifa, damu au kiongozi.

Lilikuwa tamko la ushujaa. Lakini uliza tena swali la nne. Wayahudi hawatajwi hata mara moja. Barth mwenyewe alikuja kukiri uzeeni kwamba hilo lilikuwa kosa lake. Aliungama, safari hii kwa maana ile nyingine ya neno.

Dar es Salaam, 1977

Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Ilikuwa mwaka mmoja tu tangu wanafunzi wa Soweto wapigwe risasi. Wajumbe wakamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Kilichowakalia kooni kilikuwa makanisa ya wazungu ya Kilutheri kusini mwa Afrika. Ukiyauliza kama yanashika Ungamo la Augsburg, yanajibu ndiyo, tena kwa Kijerumani safi. Lakini hayakutaka kukaa kanisa moja na ndugu zao weusi wanaoshika Ungamo hilohilo. Je, mtu anaweza kukiri kwa mdomo ibara zote 28 na bado akaikana imani kwa mpangilio wa viti vya kanisani?

Mkutano ukajibu kwamba inawezekana, na ndicho kilichokuwa kikitokea. Ukatumia msamiati wa kale wa Kilatini, *status confessionis*, yaani hali inayolilazimu kanisa kukiri: suala la ubaguzi wa rangi si siasa ambayo kila mmoja ana maoni yake, ni suala la imani yenyewe, na makanisa yanapaswa kuukataa mfumo huo hadharani. Mwaka 1984, kwenye mkutano wa Budapest, uanachama wa makanisa mawili ya wazungu ukasimamishwa.

Upande wa Wareformed haukukaa kimya. Mwaka 1982 lile kanisa la pembeni lililoundwa mwaka 1881 lilikutana Belhar, kitongoji cha Cape Town, likaandika rasimu ya ungamo lake. Lilipitishwa rasmi mwaka 1986, nguzo zake zikiwa umoja, upatanisho na haki. Barua iliyoambatana nalo ilisisitiza kwamba hawalengi kumshambulia mtu wala kanisa fulani, wanapinga fundisho la uongo, na kwamba wao wenyewe hawajioni wasafi. Karne nne baada ya Tournai, warithi wa mapokeo ya de Brès walirusha tena kifurushi ukutani. Safari hii waliokuwa ndani ya ngome walikuwa warithi wa mapokeo yaleyale.

Magoti ya Stuttgart

Mwaka 2010 Walutheri wa dunia walikutana Stuttgart, Ujerumani, nchi ambamo Sattler alichomwa moto. Kwa miaka kadhaa tume yao na ya Wamennonite, wajukuu wa kiroho wa Waanabatisti, ilikuwa imekaa pamoja ikisoma nyaraka za karne ya 16, ibara kwa ibara na hukumu kwa hukumu. Tarehe 22 Julai mkutano ukapiga kura kuomba msamaha kwa Mungu na kwa Wamennonite kwa mateso yale, na kwa jinsi wanatheolojia wa Kilutheri walivyoyatetea. Baadhi ya wajumbe walipiga magoti, wengine walisimama wakiomba kimya.

Aliyepokea ombi hilo kwa niaba ya Wamennonite alikuwa Danisa Ndlovu, askofu kutoka Zimbabwe. Zawadi waliyowaletea Walutheri ilikuwa beseni la mbao la kuoshea miguu, maana kuoshana miguu ni ibada ambayo baadhi ya makanisa yao yameitunza. Mtanzania hahitaji kuelezwa uzito wa tendo hilo. Mkoani Mara, ambako Wamennonite wapo tangu walipoanza kazi Shirati mwaka 1934, Mmennonite na Mlutheri wanazikana na kuoleana, na wengi hawajui kwamba kitabu cha mmoja kina laana juu ya mababu wa imani wa mwenzake.

Laana hizo hazikufutwa. Ukifungua Ungamo la Augsburg leo utazikuta katika ibara zilezile tano, kwa kuwa hati ya kale haibadilishwi kama sera ya chama. Kilichobadilika ni namna ya kuisoma: Walutheri waliahidi kuifundisha pamoja na habari ya yale iliyosababisha. Mwaka 1530 Beyer alisoma kwa saa mbili madirisha yakiwa yamejaa masikio, na Waanabatisti walitajwa bila kuwemo. Stuttgart walikuwemo, wameketi mbele, na beseni limewekwa kati.